Mwenye Kalibu Ndiye Mwenye Kiwanda

Gari linapopasuka bampa au kuvunjika madigadi katika mji wa Kibiti, mwenye gari huwa na njia mbili. Ama hukifunga kipande hicho kwa waya na kuendelea na safari zake, ama hutuma mtu Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 100, akatafute kingine kilichovuliwa kutoka katika gari kuukuu lililoletwa kutoka ng'ambo. Iwapo gari lenyewe si la aina iliyozoeleka, au ni basi dogo ambalo bodi yake ilikwisha kubadilishwa kwa matakwa ya mwenyewe, hata hiyo njia ya pili huziba. Wengi wetu tumelizoea jambo hili na tunaliona dogo. Hata hivyo limebeba swali kubwa kuhusu viwanda vyetu: kwa nini kipande cha faiba, kisicho na mtambo wowote ndani yake, kisitengenezwe pale pale kinapohitajika?

Malighafi zake hununuliwa madukani. Mafundi wa kuziba na kunyoosha bodi tunao katika kila mji. Tunachokosa ni kalibu, ambayo mafundi wa mjini huiita moldi, yaani umbo la kwanza ambalo ndani yake maumbo mengine yote huzaliwa. Mwenye kalibu hutoa bampa moja leo, kumi kesho na hamsini mwezi ujao, zote zikiwa sawasawa. Asiye na kalibu hufinyanga kila kipande upya kwa mkono, na hakuna viwili vinavyofanana. Ni dhahiri basi kwamba tofauti kati ya fundi wa kuziba na mwenye kiwanda imo ndani ya kalibu.

Wilaya za Rufiji na Kibiti zina kumbukumbu ya siku nyingi kuhusu gharama ya kuwa mbali na karakana. Mwezi Septemba 1914, baada ya kuishambulia meli ya Kiingereza katika bandari ya Unguja, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliharibikiwa mtambo, ikarudi kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Sehemu zilizovunjika hazikuweza kutengenezwa huko. Ilibidi zikokotwe nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwa nguvu na jasho la Waafrika waliolazimishwa kuzivuta, zikatengenezwe katika karakana, kisha zirudishwe kwa njia ile ile. Meli hiyo ilizama katika Delta mwezi Julai 1915. Zaidi ya miaka 100 imepita. Leo lipo Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, ipo barabara ya lami, na lipo Bwawa la Julius Nyerere lililokamilika mwaka 2025 likiwa na mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini mwenye gari lililovunjika Ikwiriri au Kibiti bado anatazama upande ule ule wa Dar es Salaam. Umeme unazalishwa Rufiji, na karakana iko kwingine.

Elimu ya kutengeneza kalibu imebadilika mno duniani, na mabadiliko hayo yanaweza kutufaa sisi kuliko wengi wanavyodhani. Zamani kalibu ya bodi ya gari ilitegemea seremala bingwa aliyechonga umbo la mbao kwa miezi kadhaa. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyeshwa hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Katika miaka ya 1960, mhandisi wa Kifaransa Pierre Bézier wa kampuni ya Renault alitunga namna ya kuieleza mikunjo ya bodi ya gari kwa hesabu, ili mashine iweze kuichonga bila kubahatisha. Mashine zilizotokana na kazi hizo leo huongozwa na kompyuta, na mafundi huziita kwa herufi tatu tu: CNC.

Utaratibu wake si wa kichawi. Kwanza umbo linalotakiwa hupimwa au huchorwa katika kompyuta. Kisha programu huigeuza michoro kuwa amri: kisu kiende kulia kiasi hiki, kishuke kiasi hiki, kizunguke kwa kasi hii. Mashine huzitii amri hizo katika bonge la povu gumu au mbao zilizobandikwa pamoja, ikachonga umbo kamili la kipande kinachotakiwa. Umbo hilo hupakwa rangi, hupigwa msasa mpaka likang'aa, hupakwa nta ili kitakachowekwa juu yake kisigande, ndipo mafundi hulipaka rezini na kulitandazia tabaka za nyuzi za kioo. Rezini ikikauka na kubanduliwa, kalibu imepatikana. Tangu hapo kazi ya mashine imekwisha. Mikono ya mafundi ndiyo itakayotoa vipande ndani ya kalibu hiyo, makumi kwa makumi, kabla haijachakaa.

Iko faida nyingine ambayo walimu wa hisabati wataielewa upesi. Madigadi ya kushoto ni taswira ya ile ya kulia. Kwa fundi wa mkono hizo ni kazi mbili, na mara nyingi ya pili haifanani na ya kwanza. Kwa mashine ni kazi moja: alama ya kujumlisha inageuzwa kuwa ya kutoa, na umbo linaakisiwa kama mwanafunzi anavyoakisi pembetatu katika daftari lake. Tena michoro haiozi wala hailiwi na mchwa. Kalibu ikivunjika baada ya miaka mitano, nyingine huchongwa kutokana na tarakimu zile zile.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi zenye viwanda vikubwa. Sisi tunasema kinyume chake. Bodi ya bati hutengenezwa kwa kukandamiza bati katika mashinikizo makubwa ya chuma, na kalibu zake za chuma ni ghali kiasi kwamba gharama hairudi mpaka yatengenezwe magari maelfu kwa maelfu. Nchi yenye soko dogo haiwezi kushindana katika uwanja huo. Lakini kalibu ya faiba hulipa hata kwa vipande mia moja. Gari la Chevrolet Corvette lilipoanza kutolewa mwaka 1953 kwa bodi ya faiba, yalitengenezwa 300 tu katika mwaka wake wa kwanza. Ujerumani Mashariki, ilipokabiliwa na uhaba wa bati, ilitoa gari la Trabant kuanzia mwaka 1957 likiwa na vipande vya bodi vya rezini iliyoimarishwa kwa mabaki ya pamba. Nchi hizo mbili zilikuwa na siasa zilizopingana, lakini kila moja ilichagua ufundi kulingana na hali yake. Nasi tuchague kulingana na yetu.

Historia yetu wenyewe katika Afrika Mashariki inatufundisha mahali penye kikwazo. Katika mkoa huu huu wa Pwani, huko Kibaha, lipo shirika la Nyumbu, lililoundwa rasmi mwaka 1985 kutokana na mradi wa jeshi, likithibitisha kwamba Watanzania wanaweza kusanifu na kuunda lori. Nchini Kenya, mwaka 1986, Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha gari lake la umeme la Kiira mwaka 2011. Kazi zote hizo zinastahili heshima. Lakini lori la Nyumbu halikutolewa kwa wingi, na magari ya Nyayo hayakuvuka hatua ya majaribio. Kutengeneza gari moja kwa nyundo na ari kunawezekana popote. Kutengeneza la mia moja lililo sawa na la kwanza kunataka fedha, soko na kalibu. Juu ya fedha na soko tumezungumza sana katika semina na makongamano. Juu ya kalibu tumezungumza kidogo mno.

Hatukusahau kwamba nchi hii iliwahi kuliona jambo hilo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 viliundwa vyombo vya kuwasaidia mafundi na wahandisi: SIDO mwaka 1973, TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980. Huko Hai, mkoani Kilimanjaro, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha kutengeneza mashine zenyewe, kwa kutambua kwamba nchi isiyotengeneza mashine za kutengenezea mashine hubaki mteja daima. Kiwanda hicho baadaye kilizorota kwa miaka mingi. Wazo lililokizaa halikuwa na kasoro, na leo linaweza kutekelezwa kwa gharama ndogo kuliko wakati ule, kwa sababu mashine ya kuchongea povu na mbao haihitaji jengo kubwa wala msingi wa zege nzito kama mashine ya kuchongea chuma.

Sasa, kwa nini Kibiti? Kwa sababu hapo magari na vyombo vya majini hukutana. Barabara ya kusini hupita Kibiti na Ikwiriri ikiwa na mabasi, malori, bajaji na bodaboda. Upande wa mashariki, Delta yote husafiri kwa maji. Watu wa visiwani na vijiji vya mikokoni huenda zahanati, shuleni na sokoni kwa mitumbwi na mashua, na gati la Nyamisati ndilo mlango wa kwenda Mafia. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yalitukumbusha kwamba chombo cha majini, katika sehemu hizi, ni gari la wagonjwa pia. Kalibu inayotoa bampa na kalibu inayotoa boti hutengenezwa kwa mashine ile ile, rezini ile ile na mikono ile ile. Karakana itakayoishi kwa bampa peke yake itakufa njaa. Karakana itakayotoa bampa, boneti, mapaa ya bajaji, matangi ya maji na boti itakuwa na kazi masika na kiangazi.

Katika Delta wako mafundi wa mashua ambao hawajawahi kushika rula. Hupinda mataruma kwa kukadiria kwa jicho, huchonga kwa tezo, na chombo kikishushwa majini husimama wima. Maumbo wanayoyajua yametokana na vizazi vya watu waliozijua kina za mikono ya mto, nguvu ya maji yanayokupwa na uzito wa shehena ya mchele. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Fundi akifa, umbo lake huzikwa naye. Wakati huo huo miti ya mashua inazidi kuwa adimu, na mikoko ya Delta, zaidi ya hekta 50,000, haina budi kuhifadhiwa kwa faida ya samaki na kamba ambao wananchi hao hao wanawategemea. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba. Ni hatua njema. Itakuwa njema zaidi iwapo boti za Rufiji zitakuwa na umbo la Rufiji: mashua iliyo bora kuliko zote ipimwe wakati fundi wake yu hai, vipimo vihifadhiwe katika kompyuta, kalibu ichongwe, na fundi huyo awe msimamizi na mwalimu badala ya kuachwa pembeni akitazama boti za umbo geni zikikwama matopeni.

Yapo mashaka ambayo hatuwezi kuyapuuza. La kwanza ni kwamba vipande vya bodi vya kubuniwa ni anasa ya vijana wanaotaka magari yao yaonekane kama ya mashindano. Ni kweli kwamba upambaji upo. Lakini fundi anayelipwa kwa kutengeneza kipande cha mapambo anajifunza ufundi ule ule utakaohitajika kutengeneza kiti cha gari la wagonjwa. La pili ni usalama: bampa si urembo tu, na taa zisizibwe wala sehemu za kupokea kishindo zisiondolewe. Shirika la Viwango na askari wa usalama barabarani washirikishwe tangu mwanzo. La tatu ni afya. Mvuke wa rezini huumiza mapafu na huwaka moto upesi, vumbi la nyuzi za kioo hudhuru pumzi, na dawa ya kukaushia inaweza kupofusha jicho. Barakoa, miwani na banda linalopitisha hewa ni sharti la kwanza, na mabaki ya rezini kamwe yasimwagwe katika mto unaokwenda kwenye mazalio ya kamba. Tena hewa yenye unyevu huzuia rezini isikauke vizuri, kwa hiyo nyuzi zitunzwe mahali pakavu, na kazi za masika zipangwe kwa uangalifu.

Shaka la nne ndilo kubwa: kwamba mashine itanunuliwa, itazinduliwa kwa ngoma, kisha itafunikwa turubai. Tumeyaona hayo. Dawa yake tunayo katika vijiji vyetu. Mashine ya kusaga nafaka haimilikiwi na kila kaya. Kila mmoja huleta debe lake, husaga, hulipa, huondoka, na kwa malipo hayo mashine hutengenezwa inapoharibika. Mashine ya kuchonga kalibu iendeshwe vivyo hivyo. Iwekwe mahali pa umma penye mafunzo, kwa mfano katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ikwiriri au karakana ya ufundi itakayojengwa Kibiti, na fundi yeyote aje na kazi yake, alipie saa alizotumia, aondoke na umbo lake. Iwe na mwendeshaji aliyefundishwa na msaidizi wake, visu vya akiba, na kifaa cha kusawazisha umeme, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa umeme huua kompyuta zake kabla kisu hakijachakaa. Bila hayo, afadhali fedha zikanunue tezo.

Walimu wanayo sehemu yao katika kazi hii. Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza katika elimu ya sekondari. Mkondo huo utakuwa na maana tu iwapo mwanafunzi wa Kibiti au Utete ataona kwamba mihimili ya x na y anayofundishwa ubaoni ndiyo inayoongoza kisu cha mashine. Mwalimu asingoje mashine ifike. Uchoraji wa kiufundi unataka penseli, rula na bikari. Wanafunzi wanaweza kupima madigadi ya pikipiki, kuichora katika sura tatu, kuikata kwa karatasi ngumu na kuona kama inakaa mahali pake. Kijana aliyepita hatua hiyo atajifunza programu ya kompyuta katika majuma machache. Asiyeipita atabonyeza vitufe bila kujua anachokichonga.

Watumishi wa Serikali nao wanayo sehemu nzito zaidi, kwa kuwa kalamu yao ndiyo inayotoa kazi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Kikundi cha vijana wa faiba Kibiti kinaweza kunufaika kwa njia zote mbili, mradi ofisa anayehusika asiandike katika zabuni masharti yanayoweza kutimizwa na mwagizaji wa nje peke yake. Magari ya Serikali, yanayotengenezwa chini ya TEMESA, huvunjika bampa na madigadi kama magari mengine. Vipande visivyohusu usalama wa breki wala usukani vinunuliwe kwa mafundi wa ndani pale vinapofikia ubora, na walipwe kwa wakati. Hundi inayokaa miezi sita mezani huua karakana ndogo haraka kuliko ushindani wowote kutoka nje.

Hatudai kwamba Kibiti itatengeneza magari mwakani. Tunadai jambo dogo zaidi linalowezekana: kwamba umbo la chombo kinachotumiwa na mwananchi wa Rufiji, kiwe cha barabarani au cha majini, lichongwe Rufiji, na tarakimu zake zihifadhiwe Rufiji. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kalibu ya kuazima haijengi kiwanda, kwa maana mwenyewe akiihitaji huichukua, na mafundi wetu hubaki na rezini ikikauka kopoani. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zinapoandaa bajeti zijazo, ziweke fungu la mashine moja, mwendeshaji mmoja na mafunzo ya mwaka mmoja. Na ofisa atakayeandaa makisio hayo aanze kwa kwenda Nyamisati na futi ya kupimia, akaipime mashua wakati fundi aliyeiunda yupo wa kumweleza.